Jumapili, Karhiya

Nilitumwa kukagua vitabu vya posta,
siku nne, hati kwa hati, rupia kwa rupia,
na Jumapili ikanikuta sina la kufanya
katika mji ambao treni husimama dakika mbili
halafu hujuta.

"Mama, hapa kuna vitu vitatu vya kuona,"
alisema mwenye nyumba ya wageni, akihesabu kwa vidole:
ngome, kisima, maporomoko.
Kidole cha nne kilibaki hewani kitambo,
kikakosa cha kusema, kikakunjwa.

Bhagirath akaja na bajaji.
Mbele, ndimu moja na pilipili saba zimetungwa uzini
kumkomesha hasidi.
Nikapunguza bei. Akakubali upesi mno,
na aibu ikanisindikiza mpaka gulioni,
ambako mabiringanya yamelala juu ya magunia,
kinyozi amemshika mteja pua,
na wanawake wa vijijini, bangili mpaka kiwikoni,
wananusa hina kabla ya kuulizia bei.
Tulikunywa chai katika vikombe vya udongo.
Ukimaliza, unavunja. Changu nilikitia mkobani:
mkaguzi hatupi risiti.

Ngomeni wanaishi mbuzi.
Aliyeijenga, kwa Bhagirath, ni mfalme mmoja;
kwa kijana mchungaji, ni mwingine kabisa, tena adui yake.
Walibishana kwa adabu,
huku beberu akikojolea kizingiti cha baraza la enzi.
Ukutani, kwa ncha ya msumari: PINKI NA SANTOSH.
Hao peke yao hawana mgogoro.

Kisimani unashuka kama unaingia katika sikio la ardhi.
Ngazi mia na nane, walisema. Nilihesabu tisini na sita.
"Nyingine ziko chini ya matope," alisema Bhagirath. "Zipo."
Kwenye ngazi ya ishirini alikaa Sukhdei na ufagio wake,
akauliza kama ni kweli mimi ni mtu wa posta.
Mwanawe yuko Surat, anafuma nailoni kiwandani.
Hutuma kila mwezi. Tangu Holi hakijafika kitu.
Hakulalamika. Aliuliza kama mtu anavyoulizia mvua.

Nami nilikuwa nimekiona kidole gumba,
Alhamisi, kitabu cha nne,
ukurasa niliopindua haraka kwa sababu ya njaa:
wino wa zambarau, kando ya jina lake. Amepokea.
Mara mbili. Alama safi, nzima, bila ufa.
Niliutazama mkono wake juu ya ufagio:
gumba limechanika kwa miaka ya jembe na jivu,
mistari yake kama shamba la mwezi wa Mei.
Nilisema tu, "Nitaangalia."

Jua likielekea magharibi tukafika maporomokoni.
Hapakuwa na maji.
Palikuwa na jabali, na doa jeusi refu
mahali ambapo maji yangekuwa.
Bhagirath hakuomba radhi. Alisimama chini yake,
akanyoosha mikono: hapa yanaanguka, hapa yanapasuka,
pale watoto wanateleza, pale dada yangu alipoteza kiatu,
kisha akatoa mlio kwa kinywa, mrefu, wa kunguruma,
hata mate yakanirukia usoni.
Nikajipangusa. Kweli nilikuwa nimelowa kidogo.
Jina lake, nilikumbuka, ni la yule wa hadithi
aliyeuteremsha mto kutoka mbinguni.
Huyu hakuwa hata na mto.

Nikamlipa ile bei ya kwanza.
Akahesabu mara mbili, akidhani nimekosea.

Jumatatu treni ilisimama dakika zake mbili.
Sikuipanda.
Kikombe cha udongo kilikuwa juu ya meza ya posta,
kando yake kidau cha wino wa zambarau,
na karani Trivedi, akitabasamu, akiniuliza
kama niliviona vyote vitatu.
Nikafungua kitabu cha nne.